Jerikeni ya Maziwa na Swali la Mpemba

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali tamu kwa mfumaji wa tetesi, ila ni mwalimu mbaya kwa mama mwenye ng'ombe mmoja ambaye maziwa yake yamekataliwa kituoni mara saba katika mwezi mmoja. Katika kijiji kimoja cha Nyandarua, ambako baridi ya alfajiri huuma vidole na ambako maziwa ndiyo karo, chumvi na sabuni, lililokuwa likisemwa ni kwamba jirani wa ng'ambo ya ua alikuwa na jicho. Alikuwa amesimama siku moja kando ya zizi akamsifu ng'ombe kwa kiwele chake kinono. Sifa hiyo haikufuatwa na neno la baraka. Wiki iliyofuata karani wa chama cha ushirika alichanganya maziwa ya mama yule na alkoholi katika kikombe chake kidogo, maziwa yakaganda mabonge mabonge, naye akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili, waliokuwa wakiazimana moto na chumvi kwa takriban miaka ishirini, hawakuwa na maamkizi.

Mwanawe mama huyo alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili chuoni. Alirejea nyumbani likizo ya mwezi wa nne akiwa na begi la vitabu vya fasihi na rasimu ya pendekezo la utafiti ambayo msimamizi wake alikuwa ameirudisha ikiwa imejaa wino mwekundu. Kosa kubwa, kwa mujibu wa wino ule, lilikuwa kwenye nadharia-tete. Mwanafunzi alikuwa ameziandika tatu, zote za aina ambayo haiwezi kukosea hata mvua ikinyesha kutoka chini kwenda juu. Ni maradhi ya kawaida katika idara zetu za lugha. Wapo wanaoandika nadharia-tete baada ya kukamilisha utafiti, kama mtu anayepiga mshale ukutani kisha akachora duara kuuzunguka.

Alipofika nyumbani alikuta zizi limezungushiwa maguni upande unaotazama ua wa jirani. Mama alieleza kwa ufupi: maguni yalikuwa ya kuzuia jicho. Tena yalifanya kazi. Yalipotundikwa, maziwa yalipokelewa siku nne mfululizo. Siku ya tano yakakataliwa.

"Basi maguni hayafai, Mama," kijana alisema.

"Yanafaa, mwanangu. Ila jicho limejifunza kupenya."

Hapo ndipo kijana aliikumbuka rasimu yake. Nadharia ya mama ilikuwa na umbo lilelile la nadharia-tete zake tatu. Maziwa yakipokelewa, maguni yamezuia jicho. Yakikataliwa, jicho limepenya maguni. Hapakuwa na siku yoyote, katika mwaka wowote, ambayo ingeweza kuja na kuiambia nadharia hiyo kwamba imekosea. Mwanafalsafa Karl Popper aliliandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1934, akishikilia kwamba dai la kisayansi ni lile linalojiweka hatarini, linalotaja mapema ni tukio gani likitokea litaliangusha. Dai lisiloweza kushindwa halijashinda, kwa maana halijaingia uwanjani.

Wala jambo hili si la mzaha. Mnamo Mei 2008, katika eneo la Kisii, watu 11, wengi wao vikongwe, waliteketezwa kwa moto na umati ulioamini kuwa ni wachawi. Aghalabu tetesi za namna hiyo huanza na jambo dogo la nyumbani: mtoto aliyeugua ghafla, kuku waliokufa kwa kideri, maziwa yaliyoganda. Kati ya maziwa yaliyoganda na kibiriti pana masafa marefu, lakini njia ni moja, na kila anayeipita huongozwa na jibu ambalo hakuna aliyelipima. Kijana hakuyasema haya kwa mama. Mtoto hamwambii mzazi wake kwamba anafikiri kama umati. Alichofanya ni kuomba kadi ya maziwa.

Kadi ile ilikuwa imechakaa na kunuka samli, lakini ilikuwa shahidi asiye na jirani. Karani aliandika humo lita zilizopokelewa kila siku. Siku ambayo maziwa yalikataliwa ilibaki tupu. Kijana alizihesabu nafasi tupu: saba. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: ni siku zipi za juma? Mama hakukumbuka, kadi ilikumbuka. Hapakuwa na nafasi tupu hata moja siku ya Jumanne wala ya Ijumaa.

Jumanne na Ijumaa zilikuwa na nini? Jibu lilikuwa jikoni. Jumatatu na Alhamisi jioni mwenye hoteli ya barabarani alinunua maziwa yote ya jioni. Kwa hiyo kesho yake yalipelekwa kituoni maziwa ya asubuhi peke yake. Siku nyinginezo maziwa ya jioni, lita nne hivi, yalilala katika jerikeni ya plastiki, na alfajiri maziwa mapya yakamiminwa juu yake. Jirani, kwa upande wake, alipita kando ya zizi kila siku ya Mungu akienda kuteka maji.

"Mbona jicho lake halioni Jumanne na Ijumaa?" kijana aliuliza.

Mama alitafakari kidogo. "Hata mchawi ana siku ya kupumzika," alijibu, na wote wawili wakacheka. Kicheko hicho kilikuwa cha kwanza nyumbani humo kuhusu suala la maziwa.

Ikumbukwe kwamba nafasi saba katika siku thelathini si nyingi. Yawezekana kabisa zikaikwepa Jumanne na Ijumaa kwa sadfa tu, kama sarafu inavyoweza kuanguka upande mmoja mara nne. Kadi haikuthibitisha kitu. Ilichofanya ni kumpa kijana dhana iliyokuwa tayari kushindwa: kwamba maziwa yanayolala ndiyo yanayoharibika. Dhana hiyo ilitabiri jambo wazi. Maziwa ya jioni yakipelekwa katika chombo chake na ya asubuhi katika chombo chake, ya jioni yatakataliwa na ya asubuhi yatapokelewa.

Siku iliyofuata ndivyo walivyofanya. Maziwa ya jioni yalilala katika jerikeni. Ya asubuhi yaliwekwa katika mkebe wa aluminiamu aliouacha marehemu baba, ambao haukuwa ukitumika kwa sababu ya uzito wake. Usiku mvua ilinyesha na baridi ikawa ya kutetemesha meno. Asubuhi karani alipima vyombo vyote viwili. Vyote vilipita.

Utabiri ulikuwa umeanguka. Mama hakusema neno, lakini alirekebisha maguni ya zizi kwa namna iliyoonekana na kila mtu. Kijana alijisemea kwamba baridi ya usiku ule haikuwa ya kawaida, kwamba siku hiyo isihesabiwe, kwamba warudie tu mpaka maziwa yatakapoharibika inavyostahili. Wazo hilo la mwisho ndilo lililomtia haya, kwani lilimkumbusha kisa kimoja alichokisoma kuhusu kijana mwingine wa Afrika Mashariki na maziwa mengine.

Kijana huyo aliitwa Erasto Mpemba. Jina lisimpotoshe msomaji: hakuwa mtu wa kisiwani Pemba. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa bado haijaungana na Zanzibar, alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba huko Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika sehemu ya kugandishia ya jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa haba na wenye hamu ya aiskrimu walikuwa wengi. Siku moja mwenzake mmoja, alipoona Mpemba anachemsha maziwa, aliharakisha kuchanganya yake na sukari bila kuyachemsha, akayawahisha jokofuni. Mpemba aliona kwamba akisubiri yake yapoe atakosa trei ya mwisho. Alikata shauri kuliponza jokofu, akayaweka maziwa yakiwa moto. Saa moja na nusu baadaye waliporudi, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Vijana wengine wangekula aiskrimu na kusahau. Mpemba alikwenda kwa mwalimu wake wa fizikia kuuliza kwa nini. Aliambiwa kwamba alichanganyikiwa. Jambo kama hilo haliwezi kutokea. Aliamini. Baadaye mjini Tanga alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza aiskrimu na kuiuza, naye akamweleza kwamba huiweka jokofuni ingali moto ili igande haraka. Muuza aiskrimu hakuwa na nadharia yoyote. Alikuwa na wateja, na wateja ni walimu wakali kuliko mitaala.

Mpemba alipoendelea na masomo katika shule ya Mkwawa, Iringa, walifundishwa kanuni ya Newton kuhusu upoaji. Swali lake liliamka upya. Aliuliza tena, na tena akaambiwa kwamba amekosea. Aliposhikilia, mwalimu alimjibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa liliipokea kejeli hiyo kama zawadi. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu au jibu lolote, wenzake walisema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Yeyote aliyewahi kusoma katika shule zetu za bweni anajua jinsi jina la namna hiyo linavyoweza kumgandamiza mtu kuliko kiboko. Njia rahisi ilikuwa kunyamaza.

Alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi na hamna mtu. Alichukua bika mbili ndogo zinazolingana, akajaza moja maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka jokofuni. Saa moja baadaye alirudi. Hakuna iliyokuwa imeganda yote, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile iliyoanza na maji ya moto. Tazama alichofanya kijana huyo bila kuambiwa na mtu: aliondoa maziwa, aliondoa sukari, aliondoa tofauti ya vyombo, akabakiza jambo moja tu la kutofautisha, yaani joto. Kazi kubwa ya mbinu ya kisayansi imo katika kuondoa huko. Mambo mengine, koti jeupe la maabara, mashine, majina ya Kilatini, ni mapambo ya harusi. Ndoa yenyewe hufungwa bila hayo.

Kisha akaja mgeni. Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, alizuru Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Ulipowadia wakati wa maswali Mpemba alisimama akauliza lake: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji kiasi sawa, kimoja katika nyuzi 35 za selsiasi na kingine katika nyuzi 100, ukaviweka jokofuni, kile kilichoanza na nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake waliangua kicheko. Waliona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne alitabasamu, akaomba swali lirudiwe, kisha akauliza kama ni kweli amelijaribu. Aliposikia kwamba ndiyo, alikiri kuwa jibu hana, akaahidi kulifanyia jaribio akirudi Dar es Salaam. Katika kisa hiki chote chenye walimu kadhaa, ni huyu pekee aliyeuliza kuhusu jaribio kabla ya kutoa hukumu, ilhali hata yeye hakuliamini swali.

Huko Dar es Salaam Osborne alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alirejea na taarifa kwamba maji ya moto kweli yaliganda kwanza, ila akamhakikishia mkubwa wake kwamba wangeendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Sentensi hiyo ya fundi inastahili kubandikwa mlangoni mwa kila idara. Ndiyo sentensi aliyoikumbuka mwanafunzi wa Nyandarua asubuhi ile ya baridi, alipotaka siku yake mbaya isihesabiwe.

Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo limejulikana duniani kwa jina la Mpemba. Kejeli ya darasani ikageuka kuwa istilahi. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori, akaitumikia serikali ya Tanzania katika idara hiyo.

Wengi hukatiza kisa hapo, kwa sababu hapo kinapendeza: kijana amedhihakiwa, kijana ameshinda. Sayansi haina adabu ya kukatiza kisa kinapopendeza. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitoa zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya jambo hilo, na majibu yakapita 22,000. Wingi huo ni dalili kwamba jibu moja halipo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti ambamo walipima upoaji wa maji kwa uangalifu na hawakuona ushahidi kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikisogezwa kidogo tu juu au chini ndani ya chombo, matokeo yanaweza kuonekana kugeuka. Mwaka 2020 watafiti Kumar na Bechhoefer walionyesha jambo linalolingana na la Mpemba, lakini katika chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya maji, si katika barafu. Mjadala haujafungwa. Huenda mwalimu wa Mkwawa alikuwa sahihi kuhusu maji. Lakini hata akiwa sahihi, alikosea, kwa sababu alilijibu swali la jaribio kwa jina la utani. Burridge na Linden walimpinga Mpemba kwa namna aliyoistahili: walichukua maji na kipimajoto.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa kirefu kwa sababu ni cha nyumbani. Kuna kingine cha karibu zaidi ambacho hakihitaji kirefu. Huko Kitengela, kusini mwa mbuga ya Nairobi, mvulana Richard Turere alipewa jukumu la kulinda ng'ombe wa baba yake dhidi ya simba. Alijaribu moto, moto ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Alijaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walirudi nyuma, siku ya pili wakatambua kwamba sanamu haisogei. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka na tochi simba hawakuja. Alihitimisha kwamba huogopa mwanga unaotembea. Kwa betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha kuwashia taa za ishara za pikipiki na balbu za tochi mbovu, alitengeneza taa zilizowaka na kuzimika kwa zamu kana kwamba mtu anatembea. Mwaka 2013 aliyasimulia hayo mbele ya hadhira ya TED nchini Marekani. Sanamu iliyoshindwa siku ya pili ndiyo iliyomfundisha. Angeishia siku ya kwanza angetangaza ushindi, kama mama mwenye maguni.

Lipo suala la lugha pia, nalo wasomaji wa kurasa hizi hawawezi kulikwepa. Mpemba alifundishwa sayansi kwa Kiingereza na makala yake iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali maziwa, jokofu na kicheko cha darasani viliishi katika Kiswahili. Istilahi hazikukosekana kwa muda mrefu hivyo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia nje ya kamusi. Katika tasnifu za Kenya mtafiti mmoja huandika nadharia-tete, mwingine haidhania, na wote wawili wakifika nyumbani husema "naona ni kama". Pengine "naona ni kama" ndiyo istilahi bora kuliko zote, maana inakiri udhaifu wake tangu mwanzo. Hata methali zetu nyingi ni dhana zinazosubiri kupimwa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima wa Ukambani ameyaona mawingu mangapi yakipita kama wageni wasio na mizigo?

Jioni ile kijana aliandika matokeo mabaya katika daftari, bila kuyakata: jioni, jerikeni, baridi kali, yamepita. Akakaa kuyatazama. Dhana yake ilisema maziwa yanayolala huharibika. Haya yalilala na hayakuharibika. Basi ama dhana ni ya uongo, ama haijakamilika. Alipolisoma tena daftari aliona kosa lake jingine, kubwa zaidi: alikuwa amebadilisha mambo mawili kwa mpigo. Maziwa ya jioni yalikuwa katika plastiki na ya asubuhi katika aluminiamu. Hata kama ya jioni yangekataliwa, asingejua mkosaji ni usiku au ni chombo. Angepata jibu alilolitaka na lisingekuwa jibu.

Aliporudi kwa mama kuomba jaribio jingine alitarajia kukataliwa. Mama, ambaye hakuwahi kuvuka darasa la saba, ndiye aliyelitengeneza jaribio lenyewe. "Wewe unayapeleka ya jioni huku na ya asubuhi kule," alisema. "Mbona usiyagawe ya jioni yenyewe? Ng'ombe mmoja, mkamo mmoja, usiku mmoja. Nusu mkebeni, nusu jerikeni. Kama ni jicho, litayapata yote." Mhadhiri yeyote angempa alama nzuri kwa swali hilo. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa chombo, na jicho la jirani liliwekwa mizani pamoja na plastiki, bila upendeleo.

Walifanya hivyo usiku tatu, bila kuuruka wowote. Vyombo vyote vilioshwa kama ilivyokuwa desturi ya nyumba hiyo. Karani wa ushirika alianza kulalamika kwa kuongezewa kazi, kisha naye akaingiwa na hamu ya kujua. Asubuhi ya kwanza maziwa ya mkebe yalipita, ya jerikeni yakaganda. Ya pili vyote vilipita; kulikuwa na baridi tena. Ya tatu mkebe ulipita na jerikeni ikakataliwa.

Usiku tatu si wingi. Hata hivyo sasa baridi ilikuwa na mahali pa kukaa ndani ya maelezo, si kisingizio tena. Kama kuna kitu ndani ya jerikeni kinachoyachachusha maziwa, basi kinahitaji muda, na ndiyo maana maziwa ya asubuhi yalinusurika Jumanne na Ijumaa. Kinahitaji joto kiasi, na ndiyo maana usiku wa baridi kali ulisamehe. Lakini maelezo yakishonana vizuri bado ni maneno. Kijana alichukua kisu cha jikoni, akaomba ruhusa, akaipasua jerikeni kutoka shingoni hadi kitakoni.

Ilikuwa imenunuliwa kuukuu, na kabla ya maziwa ilibeba mafuta ya kupikia. Shingo yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mkono haukuingia; ilioshwa kwa kutiwa maji na kutikiswa. Mahali ambapo mpini wake ulikuwa wazi ndani, na katika kona zote za kitako, palikuwa na utando wa manjano mzito kama ukucha, wenye harufu ya mala iliyosahauliwa. Maziwa ya miezi mingi yalikuwa yameacha humo mbegu zao, na kila jioni maziwa mapya yalimiminwa juu yake. Mama aliukwaruza utando ule kwa kidole, akakinusa. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza kama sabuni ya unga ingeweza kuutoa, na kijana akasema hajui, labda wapime. Mama alimtazama kwa jicho la kumwonya asizidishe.

Maguni hayakuondolewa siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu kijana aliamka akakuta yamekunjwa na kuwekwa ghalani. Kwenye kadi, nafasi zilikuwa zimeanza kujaa mfululizo, Jumatano kama Jumanne, ingawa mkebe ulikuwa mzito na mama alilazimika kupumzika mara mbili njiani kuelekea kituoni.

Jumapili jioni, baada ya kukama, mama alipima lita moja katika chupa, akajifunga leso upya, akapita kwenye pengo la ua lililokuwa limeanza kuota majani. Giza liliingia akiwa bado huko. Aliporudi chupa ilikuwa tupu na mkononi alikuwa na kifungu cha mboga za kunde. Kijana alimuuliza walikuwa wakizungumza nini muda wote huo.

"Umeniuliza maswali ya kutosha mwezi huu," mama alisema. "Chambua mboga."